Nyumba Isiyo na Kizingiti

Watu walimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya sura. Sura yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, tena na kovu puani pale ubao ulipomwangukia ujanani. Alilipata kwa sababu ya kazi. Alikuwa fundi wa plasta na sakafu, na ukuta uliopita mikononi mwake ungeweza kuupitishia kiganja kutoka mlangoni hadi dirishani usikutane na chembe ya mchanga. Wenye nyumba walimgombea. Mafundi wenzake, kama ilivyo kawaida ya mafundi, walimsema: anachelewesha kazi, anaibembeleza saruji kana kwamba anataka kuiposa. Yeye wala hakujali. Akishamwaga niru, ule uji wa saruji wa kumalizia, alisubiri ianze kukaza, akapiga magoti na mwiko wake mdogo na kuisugua mpaka sakafu itoe mng'ao. Ukimsemesha wakati huo unajisumbua bure.

Sasa mtu angedhani nyumba yake mwenyewe ilikuwa kasri. Thubutu. Kinyozi hajinyoi. Alikuwa ameijenga kidogo kidogo tangu ujanani, kwa masalio ya saruji na tofali za kuokoteza, na kila mwaka alisema mwaka huu anaimalizia. Korido ilikuwa tofali tupu, na safu moja ya tofali ilikuwa imekwenda upande kwa sababu aliijenga kwa haraka. Sakafu ya sebuleni ilikuwa na ufa mrefu uliotoka mlangoni, ukakata chumba, ukaishia chini ya dirisha. Kati ya korido na jikoni palikuwa na kizingiti cha juu, cha kuinua mguu hasa, kwa kuwa alikosea vipimo akaona aibu kubomoa. Na jikoni kokoto zilikuwa zimechomoza sakafuni mpaka wageni wakawa wanaomba ndala.

Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alipenda kuwatania wateja wake. "Mimi nimeolewa na Kioo," alisema, "lakini nalala kwenye changarawe." Wateja wakicheka, Kioo naye alicheka, ingawa ndani kidogo palimchoma.

Macho ya mkewe yalianza kuondoka kwa pembeni. Kwanza alianza kugonga miimo ya milango, akasingizia haraka. Kisha akamwaga chai nje ya kikombe. Kisha siku moja akakata kitambaa cha mteja, gauni la harusi, akaikata kona nzima upande bila kujua, na yule bibi harusi alipolia, naye akaweka mkasi mezani akalia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kioo alitoka nje ya hospitali akasimama nyuma ya tangi la maji, akalia huko peke yake, mwanamume mzima. Mkewe alibaki ndani akimuuliza daktari maswali.

Huyo mama hakuwa mtu wa kukaa akingoja huruma. Nuru ilipokuwa bado imebaki kidogo, alinunua vikombe vyeusi ili maziwa yaonekane yanapofika juu. Akaweka kitambaa cheusi chini ya mchele anapouchagua. Nuru ilipokwisha kabisa, akahamia kwenye vidole. Kopo la chumvi akalifunga uzi wenye fundo, la sukari akaliacha bila kitu. Ndani ya ukosi wa kila gauni akashona vifungo: kimoja la kijani, viwili la buluu, na lile jeusi la misibani halina, kwa sababu, alisema, la msiba hata ukilivaa vibaya watu watakusamehe. Akatangaza sheria moja ndani ya nyumba: ukichukua kitu, rudisha ulipokitoa. Aliyevunja sheria hiyo alijuta, awe mume awe mgeni.

Na alitembea. Ndani ya nyumba ile alitembea miguu mitupu bila fimbo, bila kushikwa, akitoka chumbani kwenda jikoni, jikoni kwenda uani, huku anaimba. Mgeni asiyemjua angeweza kukaa naye saa nzima asigundue. Fimbo nyeupe aliyopewa hospitali aliitumia barabarani tu. Binti yao alipokuja kumtembelea akataka kumshika mkono kumpeleka chooni, aliutoa mkono wake taratibu.

"Mwanangu," alimwambia, "huko nje nishikeni mtakavyo. Humu ndani niacheni. Siku nitakayoongozwa ndani ya nyumba yangu, siku hiyo mimi si mwenye nyumba tena, ni mzigo umewekwa."

Kioo alikuwapo na alisikia. Alimtazama mkewe akivuka kizingiti kile kibaya, akamwonea fahari, akamwambia binti yao, "Amezoea." Neno hilo ndilo lililomponza. Alisema amezoea, akaridhika, wala hakujiuliza hata mara moja kilichozoewa ni kitu gani.

Ikatokea kazi ya zahanati. Walitaka njia ya mteremko mlangoni ili wagonjwa wa viti vya magurudumu waingie bila kubebwa, na Kioo akaitengeneza kwa sifa zake zote: laini, inang'aa, imesimama imara. Muuguzi mkuu, mwanamke mwenye akili zake, hakuipokea kazi mpaka amwite fundi viatu wa kona ya pili, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Fundi viatu akaja na kiti chake, akapanda nusu, magurudumu yakaserereka, akarudi chini kinyumenyume.

"Fundi," alisema, akijifuta jasho, "hii umewajengea watu au umewajengea mbuzi?"

Watu walicheka. Kioo alinuna, lakini alisikiliza. Akaambiwa mteremko ni mkali mno. Akaambiwa ulaini huo mvua ikinyesha ni sabuni. Akaambiwa mlango unafunguka kuja nje, na mtu akifika pale juu hana pa kusimama akaufungua. Alibomoa yote. Akajenga upya njia ndefu, akaikwaruza kwa ufagio ikiwa mbichi ili magurudumu yashike, akaacha kibaraza tambarare mbele ya mlango. Na safari hii fundi viatu alipanda huku anapiga mluzi. Baadaye wakaanza kuipita watu ambao hakuna aliyewafikiria: wazazi wenye watoto mgongoni, wazee wa mikongojo, hata vijana wanaoleta makatoni ya dawa. Kioo alikuwa akipita pale makusudi, asitake kitu, atazame tu watu wakipanda.

Siku ya kukabidhi kazi waliketi pamoja kibarazani, yeye na fundi viatu. "Adui yangu ni ngazi," fundi viatu alimwambia. "Hata moja, hata fupi kama kidole. Wewe huioni, mimi nimebaki nje. Lakini kila mtu na adui yake, fundi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muulize anayekilalia kabla saruji haijakauka."

Maneno yalikuwa mawili, na Kioo aliondoka na moja. Alitembea kurudi nyumbani akiwaza ngazi. Alimkuta mkewe anavuka kizingiti cha jikoni na sufuria ya maji ya moto mkononi, na moyo wake ukalia. Akajiona mtu mbaya. Anawatengenezea walemavu wa watu, na wa kwake anaruka viunzi kama mwanariadha.

Hakumwambia. Aliposikia kwamba binti yao anakaribia kujifungua na mama atakwenda kukaa naye mpaka mtoto apate nguvu, aliona mlango umefunguka wenyewe. Alimsindikiza mkewe kituoni, akarudi nyumbani, akavua shati, akachukua nyundo.

Kizingiti ndicho kilichotangulia. Kikafuata kiinuko cha mlango wa uani. Kokoto za jikoni akazichimbua, akasawazisha, akapima kwa pima maji mpaka jikoni, korido na sebule zikawa uso mmoja. Tofali za korido akazifunika kwa plasta. Ufa akauziba. Jiko akalihamisha upande wenye nafasi, ili mkewe asijibane kati ya meza na ukuta. Chooni akafunga chuma cha kushikilia. Kisha akapiga magoti akapaka niru nyumba nzima, na tangu aanze ufundi hakuwahi kupaka niru kama ile. Alikuwa akiongea naye huku anasugua, yule mama asiyekuwapo: hapa hutajikwaa tena, hapa hutaumia tena. Aliifanya kazi ile kwa mapenzi matupu, na hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo. Kungekuwa na mbaya wetu tungejua hasira tuipeleke wapi.

Binti yao alimpigia simu kusema mjukuu ni wa kike na ana sauti kubwa. Kioo hakuweza kujizuia, akamdokezea.

"Baba, umemuuliza mama lakini?"

"Zawadi haiulizwi, mwanangu. Nyamaza, usiniharibie."

Binti akaitunza siri. Naye alidhani baba anajua anachofanya.

Mkewe alirudi asubuhi, na watu wa mtaani wakajisogeza mlangoni kuona mambo. Alivua viatu kama kawaida yake, akaingia. Hatua ya kwanza, ya pili, kisha akasimama. Mguu wake wa kulia ukatoka pembeni ukitafuta kitu, ukapapasa, ukarudi. Akanyoosha mkono kushika ukuta, akaupitisha juu, akaupitisha chini.

"Baba watoto."

"Naam."

"Tumeingia kwa nani?"

Watu waliangua kicheko, na Kioo akacheka kuliko wote, kwa sababu aliisikia kama sifa. "Kwetu," alisema. "Ni kwetu, mama. Hakuna kizingiti, hakuna kokoto, hakuna ufa. Kote ni sawasawa. Tembea."

Yule mama alitabasamu. Alikuwa ameolewa naye miaka mingi na aliijua sauti yake ikiwa na furaha, na furaha ya namna ile alikuwa hajaisikia tangu macho yaondoke. "Pamenyooka sana," alisema. Kisha akainua mkono, akauacha hewani. Kioo aliushika. Akamzungusha nyumba nzima mkono kwa mkono kama bibi harusi, akimwonyesha hiki na kile, na furaha yake ilikuwa kubwa hivi kwamba hakukumbuka kuwa hii ilikuwa mara ya kwanza mkewe kuongozwa ndani ya nyumba yake.

Baada ya hapo kuimba kuliisha. Kioo hakukuona kuisha kwake. Nyimbo hazitoi taarifa zikiondoka. Alichoona ni kwamba mkewe anatembea ameinamisha kichwa, mikono mbele, kama mtu aliyeingia chumba cha jirani kuomba kiberiti. Alikusudia kwenda chooni akafika chumbani. Alikusudia jikoni akagonga meza. Aliweka kiganja juu ya jiko pale palipokuwa na meza zamani, akaungua. Kote palikuwa sawasawa, na pakiwa sawasawa kote hujui uko wapi. Alipoungua Kioo alimpaka dawa, akampuliza, akamwambia, "Utazoea."

"Nitazoea," alijibu.

Mimi namlaumu kidogo kwa jibu hilo, ingawa najua si haki. Angesema siku ile ile, huenda nyundo ingerudi kazini kabla mambo hayajaharibika. Lakini majirani walikuwa wanamiminika kuitazama sakafu na kumwambia una bahati, mama, una mume, na mtu aliyepewa zawadi kubwa namna hiyo anapata wapi mdomo wa kusema imenipotezea nyumba? Akavumilia. Akaomba kiti kiwekwe karibu na mlango, akawa anakaa hapo. Chai akaletewa. Nguo akachaguliwa, na mara moja Kioo alimvisha gauni lisilo na kifungo, lile la misiba, ilhali hakukuwa na msiba, na yeye akagusa ukosi akashinda nalo hivyo hivyo.

Asubuhi moja alijaribu. Kioo alikuwa ametoka kwenda kuchukua vifaa, na yule mama aliamua kwamba leo atachemsha chai yake mwenyewe kama mwenye nyumba. Tunajua hivyo kwa sababu alieleza baadaye. Jikoni alifika. Jiko alilipata. Maji yakamwagika kidogo wakati wa kujaza sufuria, jambo dogo, na zamani kokoto zingeyanywa. Niru hainywi. Alipogeuka, mguu ulikwenda wenyewe.

Kioo alimkuta chini, amelala upande, shavu kwenye sakafu yake inayong'aa. Njia ya zahanati aliikwaruza kwa ufagio kwa ajili ya maji ya mvua. Sakafu ya jikoni kwa mkewe aliisugua ikawa sabuni.

Ilikuwa nyonga. Hospitalini walimfunga, wakamlaza, wakasema maneno yao ya umri na mifupa. Kioo alikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda na kofia yake mikononi, na hapo ndipo, baada ya yote, alipouliza.

"Mama watoto. Zamani ulikuwa unapitaje?"

Alimweleza bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Kutoka mlangoni nilikuwa naukanyaga ufa, alisema, nao unanifikisha dirishani. Kuna mahali unapopanuka, hapo ndipo kilipo kiti chako. Koridoni nilikuwa nahesabu kwa vidole mistari ya tofali, na nikifika ile safu uliyoikosea, mkono wa kushoto ni chumbani. Hiyo niliipenda. Uliijenga nikiwa na uchungu wa binti yetu, ulikuwa unatetemeka. Kizingiti kilikuwa kinaniambia sasa uko jikoni, kuna moto, tulia. Na kokoto za jikoni zilikuwa hazifanani. Karibu na jiko zilikuwa kali, karibu na mlango wa uani zimelika. Nilikuwa naona, baba watoto. Nyumba ile nilikuwa naiona.

Kioo alisikia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikielezwa, na hakuitambua. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Si wewe uliyeijenga?"

Alirudishwa nyumbani kwa kiti cha magurudumu, maana mfupa haukukubali kumbeba tena. Kiti kikaingia mlangoni bila kuguswa na kitu, kikapita sebuleni, kikapita koridoni, kikazunguka jikoni kwa ulaini wa ajabu. Fundi viatu alikuja kumjulia hali, akapita mle ndani kwa kiti chake naye, akaitazama sakafu, akamtazama Kioo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kuelewa hakusema lolote. Jirani ndiye aliyesema. Alisimama katikati ya sebule na mikono kiunoni.

"Fundi, wewe uliona mbali," alisema. "Ulijenga kama uliyejua."

Wageni walipoondoka, Kioo alichukua tindo na nyundo akapiga magoti mlangoni. Alikuwa amekwisha chora kwa chaki mahali ufa ulipopita, kwa kadiri alivyokumbuka. Alipopiga pigo la kwanza, mkewe aligeuza kichwa pale alipokuwa kitini.

"Unafanya nini?"

"Naurudisha ufa."

"Usiurudishe," alisema kwa upole. "Magurudumu yatakwama."

Kioo aliweka nyundo chini. Mikono yake ile, iliyogombewa na wenye nyumba, ikakosa cha kufanya. "Basi niambie wewe," alisema. "Niambie nikufanyie nini."

"Njoo ukae hapa. Nieleze sakafu ilivyo, maana miguu yangu haiigusi tena."

Akaja akaketi chini kando ya kiti, akaweka kiganja juu ya niru. "Hapa ni laini," alisema.

"Na pale mbele?"

"Laini."

"Na kule dirishani?"

Kioo alitaka kumtafutia chochote, kovu, chembe ya mchanga, mahali mwiko ulipoteleza. Akatambaa kwa magoti mpaka chini ya dirisha akipapasa kwa mikono yote miwili, na mkewe akamsubiri, uso umegeukia huko. Akamjibu kwamba na huko ni laini.